Jibu la Posa Lililorudi

Nilimpenda Adan. Hilo naliweka mbele kabla ya mengine yote, kwa sababu watu wa Majengo hapa Thika wamesema sana kwamba nilimkataa kijana wa watu, na wapo walionipa mkono wa pongezi kwa hilo. Sikumkataa. Nilimkubali mara tatu kwa maandishi, na jina langu, Abdulnasir, liko chini ya kila karatasi. Ila hakuna hata moja iliyomfikia, na mimi nilijua kwamba hazikumfikia.

Adan alifundisha sayansi pamoja na binti yangu Zahra katika shule ya msingi kule Ruiru kwa miaka miwili. Halafu akapata nafasi ya kusoma Kanada, katika mji unaoitwa Winnipeg, na alipomaliza akaajiriwa papo hapo katika maabara ya hospitali. Alikuwa yatima. Ami yake aliyemlea, muuza nguo wa soko letu, alikufa mwaka wa tisini na sita, na kijana akabaki bila mtu mzima wa kusimama mbele yake. Zahra hakuwahi kulitaja jina lake mbele yangu. Lakini mama yake, Waridi, alikuwa akilitaja yeye kwa niaba yake, kila mara kwa kisingizio kingine, mpaka nikaelewa.

Posa yenyewe ilikuja mwaka wa tisini na nane, wiki moja baada ya Idi, na ilikuja kwa imeli. Wakati huo Thika nzima ilikuwa na ofisi mbili tatu tu za kutuma vitu kama hivyo, na mimi nilitumia ile ya Ndung'u karibu na soko. Huko wateja wote tulitumia anwani moja, ya ofisi. Apiyo, mama wa watoto wawili aliyekuwa akiendesha kompyuta, aliichapisha barua yako ikifika, akaikunja, na akaandika jina lako kwa chaki kwenye ubao wa nje. Ukipita barabarani ukaona jina lako, unaingia kuchukua barua. Kila mtu mwingine aliyepita naye alijua kwamba una barua.

Nilikasirika kwanza. Posa huletwa na wazee wenye kofia, wakakaa barazani wakazungusha maneno nusu saa nzima ndipo waseme kilichowaleta. Hii ililetwa na karatasi nyembamba yenye vitundu pembeni. Lakini niliisoma mara nne. Kijana aliandika, "Mzee wangu, shikamoo. Sina mtu mzima wa kumtuma kwako, kwa hiyo nimejituma mwenyewe, na nakuomba usilione hilo kuwa ni utovu wa adabu. Naomba kumuoa Zahra. Nitasubiri neno lako, na chochote utakachosema nitakipokea." Chini aliandika anwani yake ya posta na namba yake ya simu.

Jumamosi Zahra alipokuja kutoka Ruiru, ambako alikuwa amepanga chumba karibu na shule, nilimsomea barua ile mbele ya mama yake. Alibaki akinyoosha pindo la mtandio wake na hakusema kitu. Waridi akacheka, akaenda jikoni kuweka chai ya tangawizi, na hivyo jambo likawa limeisha upande wetu.

Kuandika jibu kulinichukua siku mbili. Nilitaka liwe jibu la mtu mwenye nyumba yake. Nilimwambia kwamba tumempokea, kwamba mahari atazungumza na Zahra mwenyewe, na kwamba akija likizo ya mwezi wa nane atukute tumejitayarisha. Apiyo akaichapa. Ofisi ile ilikuwa na desturi yake: barua zilichapwa mchana kutwa, halafu saa kumi na mbili jioni, bei ya simu ya kuzipeleka kwenye mashine ya Nairobi ikiwa imepungua, zikatumwa zote kwa mkupuo. Lakini wateja hawakupenda kungoja hadi jioni, kwa hiyo Apiyo alikupa nakala yako papo hapo, imepigwa muhuri mwekundu: IMETUMWA. Niliipeleka nyumbani, Waridi akaiweka katika kabati la vyombo vya wageni. Zahra alipokuja tena alilifungua kabati lile mara tatu, kila mara eti anatafuta sahani.

Siku ya tatu jina langu likawa ubaoni. Nilirudi nyumbani kwanza kuvaa kofia nzuri, kisha nikaenda. Njiani watu wawili waliniuliza kama ni mkwe, na mimi nikatabasamu kama mjinga.

Apiyo hakutabasamu. Alinipa karatasi, na juu yake kulikuwa na mistari ya Kiingereza na namba namba, na chini ya mistari hiyo barua yangu mwenyewe, neno kwa neno.

"Imerudi, Mzee," akasema.

"Amekataa kuipokea?"

"La, usimkasirikie yule kijana. Yeye hata hajaiona. Ni kompyuta ya hospitali yake. Kuna watu huko majuu wanaandika list ya kompyuta zote zinatupia watu matangazo bila kuulizwa. Ukishaandikwa kwa hiyo list, umeisha. Barua yako ikifika huko, kompyuta yao inaangalia kwanza imepita wapi. Ikiona imepita kwa ile mashine ya Nairobi yenye sisi tunatumia, haisomi hata kidogo. Inarudisha tu vile ilikuja."

"Na matangazo hayo aliyatuma nani?"

Apiyo akaangalia mlango wa ofisi ya ndani. Ndung'u alitoka mwenyewe, amesikia. Alikuwa amenunua mahali fulani diski yenye anwani za watu elfu kumi na moja wa ng'ambo, na kwa siku nne alikuwa amewatumia wote tangazo la viwanja vya Ruiru, maji yapo, stima iko karibu. Kiwanja hata kimoja hakijanunuliwa. Badala yake mashine ya Nairobi ikaandikwa katika orodha, pamoja na kila mtu aliyepitisha neno lake humo.

"Wiki mbili tu, Mzee," akasema Ndung'u. "Watu wa Nairobi wanaongea nao. Itatolewa."

Mtu mwingine angeweza kusema kwamba mambo haya ya kompyuta yalimpita kichwa. Mimi niliyaelewa kabla Apiyo hajamaliza, kwa sababu nami nilishawahi kuwa na orodha yangu. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha ngozi hapa mjini. Mwaka mmoja mtu kutoka Gatuanyaga akatuletea ngozi zilizojazwa mchanga kwenye mikunjo ili ziongeze uzito. Nilikasirika, nikaandika kibao na kukitundika getini: ngozi za Gatuanyaga zisipokelewe. Meneja alinisifu mbele ya wenzangu, maana uchafu ulikoma siku hiyo hiyo. Kule Gatuanyaga alikuwako pia mkulima mmoja, Kaleli, aliyekausha ngozi zake kivulini na kuzikunja vizuri kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alikuja na mkokoteni wa punda mara tatu, na mara tatu askari wa geti akamrudisha. Mara ya tatu alimuuliza askari, "Mzee wa stoo ameziona lakini?" Askari akamwambia hazina haja ya kuonwa. Nilikuwa ndani nakunywa chai, na nilisikia yote. Sikutoka.

Kwa hiyo nilijua vizuri sana barua yangu imekutana na nini kule Winnipeg. Nilichokosa kukijua ni nifanye nini na hasira yangu.

Apiyo alinipa njia. "Kwa ile barua yake ameandika simu," akasema. "Mpigie. Dakika moja tu inatosha. Ama nikufungulie anwani nyingine, ziko za bure za Amerika, barua ipite huko, haitaguswa."

"Jibu la posa ya binti yangu lipite mlango wa uani?"

"Mzee, mlango ni mlango."

"Na nimpigie simu mimi? Baba wa msichana amkimbilie kijana kumwambia njoo uoe?"

Kwetu upande wa mke hujibu mara moja, kisha hukaa. Anayefuata ni mwanamume. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo baba yake Waridi alivyonifanya mimi nisote jua la miezi mitatu. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia Apiyo: niliona haya. Nimwambie mkwe wangu wa kwanza kwamba barua yangu ilizuiwa pamoja na takataka za Ndung'u? Kwamba baba yake Zahra yumo katika orodha ya watu wa ovyo? Nikajidanganya kwa hesabu nyepesi, kwamba barua ya posta nayo huchukua wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo kungoja orodha isafishwe hakutampotezea mtu kitu. Nikamwagiza Apiyo asimwambie yeyote. Nyumbani nikasema nimeshajibu. Ulikuwa ukweli, na nilijificha nyuma yake kwa miezi mitatu.

Kilichonikera zaidi ni kwamba barua zake zilikuwa zikiingia bila taabu. Zetu tu ndizo hazikutoka. Wiki mbili zilipopita jina langu likaandikwa tena, na safari hii ilikuwa ni yeye kweli. "Mzee wangu, shikamoo. Naelewa kwamba jambo hili lataka kufikiriwa. Bado nasubiri." Niliuma meno. Nasubiri! Mimi nimeshakubali, nimepigiwa hata muhuri, halafu mtu ananiambia anasubiri! Nilikaa hapo hapo nikaandika jibu la pili, refu kuliko la kwanza, na Apiyo akalituma jioni ile. Likarudi kesho yake. Ndung'u akasema wiki mbili nyingine.

Kila Jumamosi Zahra aliingia na mkoba wake wa madaftari, akanisalimu, akakaa kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Amesema kitu, Baba?" Nami nikamwambia, "Bado." Barua za Adan, pamoja na zangu zilizorudi, nilikuwa nimezificha katika faili langu la zamani la kiwandani. Ningemwonyesha vipi barua ya mtu anayeuliza jibu, ilhali kabatini mwetu kuna karatasi imeandikwa IMETUMWA? Naye Zahra ni binti yangu kweli kweli, hakuandika barua ya kwake. Alisema, "Mtu akishajibiwa na baba yangu, mimi nimuongezee nini?"

Mwezi wa nne ikaja barua ya tatu. Hii nimeikariri. "Mzee wangu, kama kuna ila umeiona kwangu, niambie niirekebishe. Kama ni kwa sababu sina watu, hilo siwezi kulirekebisha, lakini ningefurahi kulisikia kutoka kwako." Niliisoma nikiwa nimesimama mbele ya meza ya Apiyo, na nikaona aibu ya kweli, si ile ya mwanzo. Nikaandika jibu mistari minne tu. Tumekukubali. Tangu siku ya kwanza. Njoo. Na Mungu akulinde. Asubuhi yake mistari minne ile ikarudi na Kiingereza chake juu.

Apiyo aliinuka, akachukua simu ya ofisi, akaiweka mbele yangu. Ndung'u alikuwa amekwenda Nairobi.

"Piga, Mzee. Piga sasa hivi. Kule ni usiku, utamkuta nyumbani. Mimi nitajua vile nitamwambia Ndung'u."

Nikauinua mkono wa simu. Wallahi nilikuwa nimeuinua. Apiyo alishaanza kunisomea namba, na mimi nilishazungusha mbili za kwanza, ndipo akaingia Ahmad, jirani yangu, aliyekuja kuangalia kama ana barua kutoka kwa kaka yake wa Dubai. Ahmad ni mtu wa utani na hana ubaya wowote. Aliniona na simu, akaona karatasi, akacheka hadi akashika meza. "Leo hii baba wa bibi arusi ndiye anayemfukuzia bwana arusi! Abdulnasir, mwache kijana apumue!"

Nikaurudisha mkono wa simu mahali pake. Nikamwambia Ahmad nilikuwa naulizia bei tu. Apiyo akageukia kompyuta yake. Mara nyingi nimetaka kumlaumu Ahmad, na Ndung'u, na hao waandika orodha wa majuu nisiowajua hata sura. Wote wana sehemu yao. Lakini simu ilikuwa mkononi mwangu, na mimi ndiye niliyeirudisha kwa sababu mtu mmoja alicheka.

Barua ya mwisho ilifika katikati ya mwezi wa tano. Kijana hakuwa na hata neno moja la uchungu. Alisema ameelewa, na ananiomba radhi kwa kunisumbua mara tatu. Wazee wa msikiti wa kule wamemuonyesha dada mmoja, mtu wa Mwanza, na wameshasoma nikahi Ijumaa iliyopita. Alimtakia Zahra kheri na akaniita Mzee wangu mpaka mwisho.

Jumamosi nilimwambia Zahra, "Yule kijana ameoa huko huko."

Aliniuliza, "Alisema kwa nini?"

"Hakusema."

Akaenda kuosha mchele. Niliyasikia maji yakimiminika kwa muda mrefu mno kwa mchele wa watu watatu, na sikuinuka. Wiki zilizofuata Waridi alimtukana Adan kwa majina yote aliyoyajua, na mimi nikamwacha mtoto wa watu atukanwe nyumbani kwangu. Ile karatasi yenye muhuri mwekundu ikatoweka kabatini. Sikuuliza nani ameitoa.

Mwaka ukapita na miezi. Wakaja wachumba wawili, mmoja mwalimu wa madrasa, mwingine mwenye duka la vipuri. Walikuja na wazee wao na kofia zao, kama nilivyotaka mambo yawe. Zahra hakungoja niulize. Alisema hapana, waziwazi, wageni wakiwa bado wanakunywa chai.

Ndung'u hatimaye alifunga ofisi ile, na Apiyo akapata kazi katika ofisi mpya ya kompyuta kule Ruiru. Mwezi wa nane mwaka wa tisini na tisa Zahra akaingia humo kuchapisha karatasi za mtihani. Apiyo alimtambua. Alidhani binti anajua kila kitu, nani angedhani vingine? Akamwambia, "Mwalimu, mpaka leo mimi naumia nikikumbuka zile barua za Mzee zikirudi, na vile yule kijana alikuwa akiuliza."

Zahra alifika nyumbani jioni hiyo hiyo, na ilikuwa Jumanne. Hakukaa. "Baba, nipe barua," akasema.

Nililitoa faili, nikamkabidhi. Alizipanga sakafuni kwa tarehe, za Adan upande mmoja, zangu upande mwingine, na akazisoma zote kwa zamu kama mwalimu asomavyo, bila kuruka mstari. Waridi alisimama mlangoni, na alipoelewa zile ni karatasi gani alijifunika uso kwa kanga. Zahra hakulia. Aliweka kidole kwenye barua ya kwanza ya Adan.

"Hii namba ya simu ilikuwa hapa tangu mwanzo?"

"Ndiyo."

"Na uliiona?"

"Niliiona."

"Basi utapiga," akasema. "Sitaki kumvunjia mtu nyumba. Nataka jambo moja tu. Ajue kwamba nilikubali. Miezi kumi na tano sasa anatembea akijua kwamba nilimdharau kwa sababu hana watu. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako."

Jumamosi tukaenda, mimi na yeye, hadi kwenye simu ya kadi iliyo nje ya posta ya Ruiru. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, ambayo kule ni asubuhi. Zahra alitia kadi mwenyewe, akabonyeza namba zote bila kutazama karatasi, akanipa, na akasogea hadi kwenye ua wa michongoma ili asisikie. Nilikuwa nimejiandaa maneno yangu njia nzima.

Aliyepokea ni mwanamke.

"Assalamu alaikum," nikasema. "Mimi ni Mzee Abdulnasir, napiga kutoka Kenya, Thika. Namtafuta Adan."

"Waalaikumu salaam. Adan yuko kazini." Kisha akauliza, "Thika? Wewe ndiye baba yake Zahra?"

"Ndiye mimi."

"Shikamoo, baba. Mimi naitwa Sumeya, ni mkewe. Naomba uniache niseme kabla sijaona haya. Adan hajawahi kukusema vibaya hata siku moja. Anasema ulikuwa na haki yako, baba humchagulia bintiye anayemwona anafaa. Na mimi nimekuwa nikimwambia kila mara, huyu mzee ipo siku tumpigie tumshukuru. Maana ungemkubali wewe, mimi nisingempata. Ni mtu mwema sana. Kila nikiswali nakuombea. Na wewe niombee, nimebakiza mwezi mmoja nijifungue, na huku sina mama wala dada."

Maneno yangu yote yalikuwa bado mdomoni. Nilimkubali. Nilimkubali mara tatu. Yalikuwa tayari kutoka, na sauti ya yule binti ilikuwa inangoja upande wa pili, ina furaha, ina wasiwasi kidogo wa mtu aliyemsemesha mkubwa bila kuombwa.

"Mungu akujalie ujifungue salama, mwanangu," nikasema.

"Amina, baba. Nimwambie Adan ulikuwa na ujumbe gani?"

"Mwambie nimemsalimu."

Nikaweka simu. Zahra alikuja haraka, akiangalia uso wangu. Nilikuwa naweza kumdanganya kwamba hakuna aliyepokea. Wazo hilo lilikuja lenyewe, limeshazoea kuja. Safari hii nikamwambia yote, neno kwa neno, hata lile la shukrani, hata lile la dua.

Alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo hukumwambia," akasema.

"Sikuweza. Lakini nitapiga tena kesho, Adan akiwa nyumbani. Nitazungumza naye peke yake. Nakuahidi, Zahra, kesho nitasema."

"Usipige, Baba."

"Atabaki akijua kwamba tulimkataa. Kwamba wewe ulimkataa."

"Najua." Alikuwa ameishika ile kadi kwa mikono miwili. "Huyo dada anakaribia kuzaa na hana mtu. Adan akisikia sasa, atamtazama mkewe vingine hata akijizuia, na yeye ataona. Utamuumiza yeye ili mimi nipone, na mimi sitapona. Mwache tu aamini hivyo."

Miaka yote nilidhani heshima ya nyumba yetu ninailinda mimi. Zahra akaitia kadi mkobani, akanitazama, akaona nilivyosimama.

"Umekula kitu tangu asubuhi?" akaniuliza.

Nikalia. Nililia kwa sauti pale nje ya posta ya Ruiru, mbele ya watu waliopanga foleni ya simu, na binti yangu akanishika mkono mpaka nikamaliza.